Injini ya Mama Usukani

Paka ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, na paka hana faida yoyote katika uongo.

Alfajiri moja ya baridi, mke wa fundi Sikio alitoka uani na beseni la nguo akamkuta paka wa nyumba amelala juu ya boneti ya gari lao jeupe, amejinyoosha kama bwana harusi, mkia unaning'inia mbele ya taa. Akanyoosha mkono amfukuze. Kiganja kikagusa bati, akakirudisha upesi. Boneti ilikuwa ya moto. Halikuwa joto la jua, maana jua lenyewe lilikuwa bado linajishauri litoke au lisitoke. Lilikuwa joto la gari lililorudi safari ya mbali sasa hivi.

Akaingia ndani, akamkuta mumewe anapiga mswaki.

"Ulikwenda wapi usiku?"

"Kitandani."

"Kitanda cha nani?"

Fundi akatema povu. "Kitanda hiki hiki unachonipigia mateke, mke wangu."

"Basi gari lako limekwenda peke yake. Nenda kaliguse."

Akaenda akaligusa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali, suruali ilikuwa msumarini, na mkewe hulala upande wa mlangoni, ambako hata panya hapiti bila kuulizwa anakokwenda. Fundi akakuna kichwa, akasema labda ni betri.

"Betri hiyo ina jina?" mkewe akauliza, na siku nzima hakumwambia neno jingine.

Simlaumu mama wa watu. Mwanamume ambaye gari lake lina moto alfajiri ana maelezo mawili tu, na la pili hakuna mwanamke anayelikumbuka haraka.

Sasa, mjue huyu Sikio alikuwa nani. Mimi mafundi nimewajua, wa kweli na wa kubahatisha. Mwenyewe niliwahi kufungua kabureta na kuirudisha, zikabaki skrubu mbili mkononi, na gari likatembea vizuri kuliko mwanzo; kwa hiyo nikisema mtu ni bingwa, nisadikini. Sikio hakuhitaji mashine. Alikuwa na bisibisi moja ndefu, ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho kama anayesikiliza umbea kupitia ukuta, kisha anakupa jibu. Mlio mwembamba wa juu, ti-ti-ti, hizo ni valvu. Kilio cha kitoto gari linapowashwa asubuhi, huo ni mkanda umelegea. Moshi wa bluu, injini inakunywa oili. Mweupe, inakunywa maji. Mweusi, inakula petroli kama mlevi kwenye sherehe asiyoalikwa. Na ule mlio mzito wa chini, ko, ko, ko, unaozidi gari likibeba mzigo au likipanda mlima, huo ni bering za mikono ya pistoni, na ukiusikia huo usiseme nitakuja kesho.

"Gari haliugui ghafla," alikuwa akiwaambia wateja. "Linasema mapema. Kiziwi ni wewe."

Gereji yake ilikuwa mbele, nyumba yake nyuma, na kati yao uwanja wa mchanga mweusi kwa oili. Akifanya kazi na mchomeleaji mmoja mropokaji aliyeitwa Cheche. Nyumbani alikuwa na mke na binti mmoja tu, mwanamke kijana aliyepewa jina la Kifaranga kwa sababu ya biashara yake ya mayai. Kila siku baada ya chai Kifaranga alipakia trei zake kwenye gari jeupe akateremka nazo mpaka kwenye maduka ya bondeni. Fundi alimpenda mtoto yule kuliko hata sifa zake, na huyo ni mtu aliyezipenda sifa zake sana.

Injini ya gari lile haikuwa yake ya asili. Ilitoka kwenye gari la mwanamke mmoja dereva wa kukodiwa, mtu mwenye maneno machache, aliyekuwa haachi peremende mdomoni. Watu wakimwita Mama Usukani. Alikuwa amelileta gari lake gerejini pale likafunguliwa injini, na tangu ilipofungwa akawa anarudi mara kwa mara kusimama mlangoni, peremende ikigonga meno, na kusema maneno yale yale: "Fundi, inagonga."

Na Sikio akiwasha, anasikiliza, anazima. "Mama, hayo ni masikio yako. Mimi sisikii kitu."

Siku moja kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali injini ikanoki, ndiyo kusema ilikaza papo hapo kama imemiminiwa saruji. Magurudumu yakashikwa, gari likageuka ubavu, na nyuma kulikuwa na lori. Mama Usukani hakutoka pale akiwa hai. Gari likawa chuma chakavu. Na kabla watu hawajamaliza kulia, Sikio alikuwa amekwenda kuinunua injini, akaitia bering mpya, akaifunga kwenye gari lake mwenyewe.

"Chuma hakina kosa," alimwambia Cheche.

Cheche alikuwa anachomelea mlango. Akainua kioo cha uso, akamtazama, akakishusha.

Basi siku ile ya boneti ya moto, fundi alipowasha gari ili Kifaranga apakie mayai, akausikia. Ko. Ko. Ko. Chini kabisa, upande wa silinda ya tatu.

Akazima. Akamwambia binti yake angoje, akamwita mwenzake.

"Cheche, hebu njoo usikie."

"Nasikia njaa."

"Acha mzaha. Piga magoti hapa."

Cheche akapiga magoti, akatega sikio, akamwomba aongeze mafuta, akamwomba apunguze. Akainuka akijifuta mchanga. "Kaka, hii injini inanguruma kama paka aliyeshiba."

"Inagonga."

"Inagonga wapi?"

"Hapa. Ko, ko, ko."

"Hapo unagonga wewe kwa kidole. Nenda kalale, shemeji yangu naona amekunyima usingizi."

Kifaranga akacheka, akapakia trei zake akaondoka. Fundi akasimama akilisikiliza gari likishika barabara, na ule mlio akausikia wazi mpaka kwenye kona, na hata baada ya kona, na hata baada ya muda ambao sikio la mwanadamu lingekuwa limeshaliachia gari mahali lilipo.

Liliporudi alilipandisha juu ya mawe, akamwaga oili, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akatazama bering moja moja. Zilikuwa safi zinang'aa kama meno ya mtoto. Akafunga, akatia oili, akawasha. Ko. Ko. Ko. Akaja mteja mzee, akaombwa asikilize, hakusikia. Akaitwa fundi wa gereji ya jirani, adui yake wa miaka mingi ambaye angefurahi mno kumkuta ana injini mbovu. Naye hakusikia, akaenda zake akisambaza habari kwamba Sikio sasa ni Kisikio.

Saa za mchana, Cheche amekwenda kula, jua liko utosini na uwanja umetulia, fundi aliamua kufanya kitu ambacho fundi mwenye akili hafanyi. Gari likiwa limezimwa, betri imefunguliwa waya, aliweka ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa injini na mpini sikioni. Mwanzo hakukuwa na kitu ila ule ukimya wa chuma, na chuma kina ukimya wake kama kisima kilivyo na wake, kisha ndani ya ukimya ule akasikia kitu kidogo kigumu kinagonga kitu kingine kigumu, taratibu, kinaviringika, kinagonga tena, akajiuliza ni nati gani imeachwa humo, akabana sikio zaidi, akafumba macho kama kawaida yake, na hapo pua ikamwambia kabla ya sikio, maana kulikuwa na harufu ya oili iliyoungua na juu yake harufu baridi ya peremende, akatambua kwamba kile kinachoviringika kinaviringika kwenye meno, na kwamba nyuma ya meno hayo kuna pumzi, na pumzi ile ikasogea kwenye chuma kutoka ndani kama vile yeye alivyosogea kutoka nje, mpaka mdomo na sikio vikatenganishwa na unene wa bati tu.

"Fundi," ikasema. "Inagonga."

Bisibisi ikaanguka. Nyuma ya gari, kwenye bomba la moshi la gari lililozimwa, ukatoka moshi ambao fundi hakuwa na jina lake. Haukuwa wa bluu wala mweupe wala mweusi. Ulikuwa rangi ya jivu lililolowa, na haukupanda juu kama moshi wenye adabu. Ulitambaa chini, ukauvuka uwanja polepole, ukapita chini ya mlango wa nyumba yake.

Siku iliyofuata alipanda gari pamoja na Kifaranga, trei za mayai nyuma, yeye kwenye kiti cha abiria mikono magotini kama mgeni.

"Baba, leo unanichunga?"

"Nimekumisi tu."

"Tunakaa nyumba moja."

Walipofika juu ya mteremko wa kiwanda cha matofali, fundi akaona taa ya oili kwenye dashibodi, ile nyekundu yenye umbo la birika, inawaka. Akamwambia binti yake asimame.

"Kwa nini?"

"Taa ya oili. Huioni?"

Kifaranga akatazama. "Hakuna taa, baba."

"Ile pale, nyekundu. Simama, mwanangu, zima injini."

"Baba, nyuma kuna lori. Nikisimama hapa tutakuwa chapati." Akaendelea kushuka, amekunja uso kidogo, kwa maana hakuna mtoto anayependa kumwona baba yake anatetemeka. Mlio ukapanda, ko-ko-ko-ko, ukawa nyundo chini ya nyayo zake, na kwenye tundu la hewa ya dashibodi, lile lililomwelekea yeye, ikatoka ile harufu baridi na sauti isiyo na haraka.

"Kesho usije. Mwache aje peke yake."

Walifika chini salama, na hata yai moja halikupasuka. Kifaranga alishusha mizigo akiimba. Baba yake alitapikia mtaroni.

Jioni ile alisema gari halitoki tena. Ndugu zangu, kulikuwa na ugomvi. Kifaranga akasema maduka hayangoji, kuna wanaouza mayai mtaa wa pili wamekaa mkao wa kula. Mama yake akasema kama mume wake ana sababu aiseme, na kama sababu yenyewe ni ile ya boneti ya moto basi aiseme mbele ya mtoto wake.

"Injini inagonga," fundi akasema.

"Nani mwingine ameisikia?"

Fundi akatoka uani, akafungua betri nzima, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga, akaisukuma chini ya kitanda upande wake.

Alfajiri mkewe akaamka, akapapasa kitanda, mume yupo. Akachungulia chini, betri ipo. Moyo wake ukatulia, akaenda uani. Gari lilikuwa linanguruma. Taratibu, bila kelele, kama mtu anayeimba huku kafunga mdomo. Ndani, kwenye kiti cha dereva, alikuwa Kifaranga na nguo zake za kulalia, amefumba macho, mikono yote miwili kwenye usukani, shavu moja limevimba kwa kitu anachomung'unya, na mama yake alipofungua mlango akasikia harufu ya peremende katika nyumba ambayo haikuwa na peremende, akamwita mtoto wake kwa jina alilompa yeye mwenyewe, na mtoto akageuza shingo, macho bado yamefumba, akatabasamu tabasamu la mtu mzima asiyemjua.

Kuanzia hapo mama hakuuliza tena habari ya kitanda cha nani.

Walimwita mpunga pepo mmoja, mwanamke mfupi mnene aliyevaa raba za michezo na kubeba mkoba wa plastiki. Nimewaona wapunga wengi wa kelele na ngoma; huyu alikuwa wa kunong'ona. Cheche akamuuliza kama alete makaa ya kufukizia.

"Karibu na petroli?" akasema mpunga. "Mwanangu, mimi nafukuza majini, sitaki kuwa mmoja wao."

Akamketisha Kifaranga kwenye kiti cha dereva, yeye akakaa nyuma. "Majini hupenda kuendesha," akamwambia fundi. "Ukimnyang'anya usukani hasemi." Akaweka kiganja kwenye mgongo wa kiti, akasoma aliyoyasoma, mdomo ukicheza bila sauti. Injini ikawaka yenyewe. Betri ilikuwa bado chini ya kitanda. Mkewe fundi akamshika mumewe mkono.

"Wewe ni marehemu?" mpunga akauliza.

"Hapana," kinywa cha Kifaranga kikajibu, kwa sauti nzito ya chini ambayo haikutikisa koo lake. "Mimi nilikuwa mpita njia. Damu ilidondoka kwenye chuma cha moto, na mwenye damu akasema neno. Neno la namna ile likisemwa juu ya damu, lazima liwe na wa kulichukua. Nikalichukua mimi."

"Neno gani?"

"Alisema, yule fundi naye aseme asisikilizwe, kama nilivyosema mimi. Aseme mpaka apotelewe na kitu asichoweza kukifunga tena."

Mke wa fundi akaachia mkono wa mumewe.

"Na wewe unataka nini ili umwachie huyu mtoto?" mpunga akauliza polepole. "Hajakukosea."

"Mwenye damu ana mdogo wake. Fundi aende amwambie alichofanya. Chote. Akisema chote nitakwenda zangu, nina njia yangu. Akibakiza, na mimi nitabaki, mahali atakapopasikia yeye peke yake."

Injini ikazima. Kifaranga akafumbua macho, akauliza kwa nini wote wamemzunguka na nani amempaka mama yake majivu usoni. Hakuwa amepakwa kitu. Ndiyo rangi aliyokuwa nayo.

Mpunga akashuka, akamvuta fundi kando. "Umemsikia. Mimi sitaki kujua ni nini. Lakini ukienda kule, fungua yote. Usiache hata nati moja."

Hapa sina budi kuwaambia ninyi kile ambacho fundi alikuwa akikijua peke yake. Siku ile aliyofunga injini ya Mama Usukani, kulikuwa na watu gerejini, na Sikio alikuwa akiwasimulia jinsi alivyowahi kutambua ugonjwa wa lori kwa kulisikia likipita barabarani. Kila mkono wa pistoni una kofia yake inayoushika kwenye mhimili, na kofia hizo hazibadilishani, kama viatu vya watu wawili. Katika kuchekesha watu akazichanganya. Ya pili akaivisha tatu, ya tatu akaivisha pili, akakaza, akapigiwa makofi. Mama Usukani aliporudi mara ya kwanza kusema inagonga, aliusikia mlio ule sawasawa. Mtu wa masikio kama yake angekosaje? Lakini kulikuwa na wateja. Akamtilia oili nzito inayonyamazisha. Aliporudi akasema taa ya oili inawaka, fundi akajua kwamba akifungua injini ile mji mzima utajua. Basi akaingia chini ya dashibodi na koleo lake, akaukata waya wa taa, akaufunga utepe. "Tayari, mama. Haitakusumbua tena."

Mwanamke akashukuru.

Mdogo wa marehemu alikuwa mshonaji, mwenye chumba ghorofani, ngazi zake ziko nje ya ukuta. Fundi alipanda na kofia yake mkononi. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, hakuacha kukanyaga.

"Karibu, fundi. Kiti kile kina pini, angalia."

Hakukaa. Akasema. Akasema habari ya kofia za mikono ya pistoni, alivyozichanganya, alivyousikia mlio akakana, alivyotia oili nzito. Alisema akiwa amelenga macho sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, na kadiri alivyosema ndivyo alivyohisi kifua kinafunguka, akadhani ndiyo kwisha. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Yule mwanamke alifuta macho kwa kipande cha bitana. "Kusahau ni kwa binadamu," akasema. "Nitakuchukia, nikichoka nitakusamehe. Ila niambie kitu kimoja. Dada alikuwa na furaha sana wiki ile. Alisema fundi ameitengeneza taa, haiwaki tena. Ile taa, kwa nini haikumwonya?"

Pale ndipo mlango ulipokuwa wazi, na mtu angepita. Lakini kofia alizichanganya kwa kusahau. Waya aliukata kwa kukusudia. Kosa la kwanza fundi anaweza kulisema akabaki fundi. La pili likisemwa, anabaki nini? Ulimi wake ukageuka wenyewe, kama ulivyozoea.

"Taa ilikuwa nzima, dada. Labda balbu iliungua njiani."

Mshonaji akamtazama. "Basi. Nimekusikia," akasema, akarudi kwenye kitambaa chake.

Alipofika nyumbani aliwasha gari. Kimya kitamu. Akaweka bisibisi, akasikiliza juu, akasikiliza chini. Hakuna ila injini nzima yenye afya yake. Boneti ililala baridi, ikaamka baridi. Mke wake akampikia vizuri. Kifaranga akarudi kwenye mayai yake, akashuka mteremko na kurudi, akashuka na kurudi, na fundi akaanza tena kusimulia watu gerejini, hata habari ya jini yenyewe, akijiweka mahali pazuri katika hadithi.

Mpaka asubuhi moja alipokuwa ameketi kizingitini na chai yake, na Kifaranga akapita mbele yake amebeba trei za mayai kichwani, akipanda vidato vya mlangoni.

Ko. Ko. Ko.

Fundi akatazama gari. Lilikuwa limezimwa, liko mbali. Kifaranga akaweka mzigo, mlio ukapungua. Akabeba mwingine, akapanda, mlio ukazidi. Unaozidi kwa mzigo. Unaozidi kwa kupanda. Fundi akainuka bila kujua amemwaga chai, akamshika binti yake mabega, akaweka sikio kifuani pake kama mwendawazimu, na huko ndani, nyuma ya mfupa, upande wa kushoto, akausikia mlio ambao angeutambua hata akiwa kaburini.

"Baba, watu wanatuona."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

Alimpeleka kwa daktari. Daktari akaweka chombo chake kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akatabasamu. Moyo mzuri, akasema, natamani ningekuwa nao mimi. Fundi akamwomba asikilize tena. Akasikiliza tena. Akamshauri mzee apumzike.

Kutoka pale hawakurudi nyumbani. Alimvuta binti yake mtaa kwa mtaa mpaka kwa mshonaji, akapanda ngazi zile za nje mbili mbili, akagonga mlango, na ulipofunguliwa kiasi cha kuonyesha jicho moja akaanza kusema kabla ya salamu, kwamba kuna neno alilibakiza, kwamba ile taa, ile taa haikuungua.

"Fundi," mshonaji akamkatiza, kwa upole. "Uliniambia, nikakusikia. Nimekesha siku ngapi na hayo maneno mpaka nikaweza kulala. Ukiniongezea leo, nitayaweka wapi? Nenda na lako."

"Dada yangu, nisikilize, ni neno moja."

"Nimeshasikia." Mlango ukafungwa. Kitasa kikageuka.

Akalisema kwenye mbao. Alisema waya, alisema koleo, alisema utepe, alisema nilijua, nilikuwa najua tangu siku ya kwanza. Ndani cherehani ikaanza kukimbia. Alipopaza sauti, ikakimbia zaidi. Alipopiga kelele ikawa mngurumo mmoja usio na tundu la kupitishia neno, na watu wa chini wakatoka madirishani kumtazama yule mzee anayepigia mlango kelele zisizoeleweka, wengine wakimcheka, wengine wakiita watoto wao ndani.

"Baba." Kifaranga alikuwa amekaa katikati ya ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta. "Twende nyumbani. Sijui ngazi hizi zina nini, zimenikata pumzi."

Fundi akauacha mlango, akatega sikio. Mlio haukuwa unapanda tena. Ulikuwa umeanza kupooza, mzito, wa kujivuta, vile injini inavyopooza muda mfupi kabla ya kukaza.